UMQOMBOTHI SI BIA
Uhakiki wa Majina ya Vileo katika Tafsiri za Nyimbo na Filamu

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu mijadala ya istilahi katika nchi zetu imeelekezwa kwenye sayansi, sheria na utawala. Si vibaya, kwani huko ndiko haja inakoonekana wazi. Lakini iko sehemu nyingine ya maisha ambamo wafasiri hufanya kazi kila siku pasipo mwongozo wowote, nayo ni burudani: nyimbo, filamu, michezo ya redio na matangazo ya biashara. Makala haya yanachunguza kipande kimoja tu cha uwanja huo, yaani majina ya vileo, na hasa kile ambacho Waingereza hukiita 'beer'. Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la mzaha. Tutajaribu kuonyesha kwamba mfasiri anayeandika 'pombe' mahali pa bia, au 'bia' mahali pa pombe ya kupikwa nyumbani, hakosei jina la kinywaji tu. Hubadili tabia ya mhusika, huiangusha hadithi, na pengine humpakazia mtu kosa asilolitenda.

Dai letu ni hili. Kiswahili hakina upungufu wa majina ya vileo. Upungufu uko kwetu sisi watumiaji wa ofisini na darasani, ambao tumeyapanga majina hayo kwa daraja badala ya kuyapanga kwa maana. Bia tumeiweka juu kwa sababu huja katika chupa yenye chapa. Pombe tumeiweka chini kwa sababu huja katika kibuyu. Daraja hilo halikutokana na lugha. Lilitokana na sheria za leseni za wakati wa ukoloni, ambazo katika Kenya na Tanganyika zilitenga vileo vya wenyeji upande mmoja na vileo vya Wazungu upande mwingine. Sheria hizo zimekwisha kubadilishwa, lakini mpaka wake umebaki vichwani mwetu, nasi huuhamishia katika kila tafsiri tunayoifanya.

2. Jinsi Kiswahili kinavyotaja vileo

Kabla ya kuhakiki tafsiri, hapana budi tukumbuke utaratibu wa lugha yenyewe.

Kwanza, Kiswahili hutofautisha kazi. Tembo hugemwa, na mwenye kazi hiyo ni mgema apandaye mnazi. Pombe ya nafaka hupikwa: nafaka huloweshwa na kuoteshwa hadi iwe kimea, kimea hukaushwa na kusagwa, uji wake huchemshwa, kisha huachwa uumuke. Gongo hukenekwa: mvuke wa kitu kilichokwisha kuumuka hupitishwa katika mfereji uliopozwa hata urudi kuwa majimaji. Hivi ni vitenzi vitatu vya kazi tatu, na aghalabu watendaji wake ni watu watatu mbalimbali. Methali isemayo kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji haiwezi kuhamishiwa kwa mpishi wa pombe. Pombe ya nafaka ina maji tangu mwanzo wake. Kosa la kutia maji ni kosa la mtu auzaye utomvu wa mti. Mfasiri anayeigeuza methali hiyo kwa Kiingereza akamfanya mgema kuwa mpishi wa 'beer' ameiondolea methali mantiki yake.

Pili, Kiswahili hutofautisha mali ghafi, na katika jambo hili kimekopa bila kuona haya kutoka lugha za jirani. Mbege ya Uchagani ni ya ndizi na ulezi. Ulanzi wa Iringa ni utomvu wa mianzi, nao pia hugemwa. Wanzuki ni wa asali, dengelua ni ya miwa. Busaa, ijulikanayo sana magharibi ya Kenya, hupikwa kwa mahindi na wimbi. Majina haya hayakutungwa na kamati. Yalisafiri pamoja na wauzaji, madereva, askari na wafanyakazi wa mashambani, na leo mtu asiyejua hata sentensi moja ya Kichaga hujua mbege ni nini.

Tatu, Kiswahili hutofautisha mahali pa kunywea. Hapa ipo ajabu inayostahili kuangaliwa. Katika Kiingereza, neno 'club' lina fahari kuliko neno 'bar'. Kiswahili cha Tanzania kiliyakopa yote mawili na kuyapindua: kilabu ni mahali pa pombe za kupikwa, ambapo watu huketi juu ya mabenchi, baa ni mahali pa bia ya chupa. Mtu akisema jirani yake yuko kilabuni, hakuna anayefikiria jumba lenye mazulia. Neno la kukopa likishaingia katika lugha huwa mali ya lugha hiyo, na mfasiri hana budi kulifuata huko liliko, si kule lilikotoka.

3. Kapteni na bia yake

Tuanze na mfano ambamo 'bia' ndilo neno la haki. Mwaka 1958 Waingereza walitoa filamu iitwayo Ice Cold in Alex, iliyoongozwa na J. Lee Thompson. Hadithi yake ni ya mwaka 1942, wakati wa vita vya Afrika ya Kaskazini. Gari la wagonjwa linavuka jangwa la Libya kwenda Iskandaria. Kapteni anayeliongoza, aliyeigizwa na John Mills, ni mtu aliyevunjwa na vita na kutawaliwa na vileo vikali. Njiani anajiwekea nadhiri: hatagusa kileo chochote hadi afike mjini, na kinywaji chake cha kwanza kitakuwa bilauri ya bia baridi katika baa aijuayo. Mwisho wa filamu tunamwona ameketi mbele ya bilauri hiyo. Anaitazama kwanza, anapitisha kidole juu ya kioo chenye umande, ndipo anapoinywa yote.

Maana ya filamu hii imetundikwa juu ya tofauti ya vileo viwili. Vikali ndivyo ugonjwa wa kapteni. Bia ndiyo alama ya kupona kwake na ya kazi iliyokwisha kufanywa. Sasa tumchukue mfasiri aandikaye maneno ya Kiswahili chini ya picha. Akitumia neno 'pombe' kwa vyote viwili, mtazamaji atamwona mlevi aliyeapa kuacha pombe, akavuka jangwa, kisha akanywa pombe. Nadhiri itakuwa imevunjwa hapo ilipotimizwa, na shujaa atakuwa kichekesho. Kosa hilo halitatokana na ugumu wa Kiingereza, maana maneno yake ni mepesi mno. Litatokana na mazoea yetu ya kutumia 'pombe' kama gunia la kutilia kila kitu kileweshacho.

Mazoea hayo yana chanzo kinachoheshimika. Katika mahubiri, katika mafunzo ya afya na katika mashairi ya maonyo, 'pombe' hutumika kwa maana ya ulevi wote. Matumizi hayo ni halali pale pasipohitajika kupambanua. Lakini lugha ina neno jingine kwa kazi hiyo, nalo ni 'kileo', ambalo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia kando ya 'divai' bila kuvichanganya. Waliona kuwa maandiko yenyewe yanataja vitu viwili, wakatafuta maneno mawili. Uangalifu huo ndio tunaoudai kwa mfasiri wa filamu.

4. Mama apikaye

Mfano wa pili ni wa upande mwingine, ambamo 'bia' ndilo neno la upotofu. Katika miaka ya 1980 mwimbaji wa Afrika Kusini, Yvonne Chaka Chaka, alirekodi wimbo uitwao Umqombothi, uliotungwa na Sello 'Chicco' Twala na mwenzake. Wimbo huo ulipendwa mno katika Afrika ya Mashariki, na hata leo hupigwa harusini na watu wasioielewa lugha ya kiitikio chake. Beti zake ni za Kiingereza na kiitikio ni cha lugha za Kinguni. Anayesema katika wimbo ni mwanamke mpishi. Anaeleza taabu yake ya kila siku, na anawaalika watu waje kufurahia kazi ya mikono yake.

Umqombothi ni nini? Ni kinywaji cha unga wa mahindi na kimea cha mtama, kipikwacho nje katika chungu au pipa kubwa. Ni kizito, kichachu, rangi yake ni ya udongo, na ulevi wake si mkali. Hunywewa na watu wengi kutoka chombo kimoja kinachopitishwa mkono kwa mkono. Hupikwa kwa harusi, kwa mazishi, kwa kuwapokea vijana watokao jandoni, na sehemu yake huwekewa wahenga. Kila mpishi wa busaa au wa komoni angemtambua dada yake katika maelezo haya.

Maandishi mengi ya Kiingereza hulifasiri jina la wimbo huu kwa maneno mawili yenye maana ya 'bia ya Kiafrika'. Wafasiri wetu nao, wakifuata Kiingereza kama mkia ufuatavyo ng'ombe, huandika hivyo hivyo. Tafsiri hiyo ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la maana. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia 'bia' huona chupa, kizibo na povu jeupe. Haoni kuni, haoni moshi, haoni mwanamke aliyeamka alfajiri kukoroga uji. Wimbo ni sifa ya kazi. Toa kazi, na kinachobaki ni tangazo la biashara. Hata kitenzi hubadilika pamoja na nomino: bia 'hutengenezwa', pombe 'hupikwa'. Mfasiri aliyekwisha chagua 'bia' atajikuta analazimika kuandika 'natengeneza', na mama huyo atakuwa amehamishwa kutoka uani kwake hadi kiwandani.

Kosa la pili ni la historia, nalo ni zito zaidi. Katika Afrika Kusini upishi wa pombe haukuwa jambo la jikoni tu. Sheria ya Natal ya mwaka 1908 iliruhusu miji kuhodhi biashara ya pombe ya mtama. Durban ilikuwa ya kwanza kujenga kumbi za pombe za manispaa, na faida yake ikatumika kugharimia utawala wa Waafrika wenyewe. Wanawake waliopika majumbani walikamatwa na vyungu vyao vikamwagwa. Mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, katika mji huo huo wa Durban, walizishambulia kumbi za manispaa kwa fimbo. Katika sheria zake za miaka ya 1960, serikali ya ubaguzi ilikiita kinywaji hiki 'bia ya Wabantu'. Kwa hiyo mwimbaji alipokitaja kwa jina lake la nyumbani, katika siku ambazo ubaguzi ulikuwa bado haujang'olewa, alikuwa analikataa jina la serikali. Mfasiri aandikaye 'bia ya Kiafrika' analirudisha jina hilo kwa mlango wa nyuma, tena bila kujua.

Wimbo huu ulipata maisha mapya mwaka 2004 ulipowekwa mwanzoni mwa filamu ya Terry George iitwayo Hotel Rwanda, inayohusu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Tunausikia pale tunapooneshwa mitaa ya Kigali kabla ya maafa. Mhakiki anaweza kuuliza kwa nini Kigali ipewe sauti ya Afrika Kusini, hali Wanyarwanda wana ikigage yao ya mtama na urwagwa wao wa ndizi. Swali hilo ni la haki. Lakini tazama jinsi kileo kinavyofanya kazi katika filamu hiyo. Wimbo wa mwanzo ni wa chombo kimoja kinywewacho na wote. Baadaye, hotelini, vileo vya chupa vitokavyo ng'ambo vinakuwa hongo ya kuwapoza wakubwa wa jeshi ili watu wasiuawe. Kutoka chungu cha ujirani hadi chupa ya hongo: huo ni mwendo wa filamu yenyewe, liwe lilikusudiwa au halikukusudiwa. Mfasiri anayeita vyote viwili 'bia', au vyote viwili 'pombe', anaufuta mwendo huo usionekane.

5. Nyumba ya mama pima

Mfano wa tatu unahusu mahali. Mwaka 1959 Mmarekani Lionel Rogosin alitoa filamu Come Back, Africa, aliyoipiga Johannesburg kwa siri, akiwadanganya wakuu wa serikali kuwa anatengeneza filamu ya muziki. Katika sehemu mojawapo waandishi wa Sophiatown wamekusanyika chumbani wakinywa na kubishana juu ya siasa na fasihi, na Miriam Makeba, aliyekuwa bado kijana, anaingia na kuimba. Chumba hicho ni 'shebeen', neno ambalo Waingereza wa huko walilipata kwa Waairishi.

Tulifasirije? 'Baa' haiwezekani. Hadi mwaka 1962, ukiacha wachache waliopewa vibali, Mwafrika wa Afrika Kusini alikatazwa na sheria kununua bia ya kiwandani, mvinyo na vileo vikali. Tukimketisha baani tumemfuta mbaguzi kwa kalamu. 'Kilabu' nalo halifai, kwa kuwa kwetu kilabu hupewa leseni na halmashauri. Katika Afrika Kusini, kitu kinacholingana na kilabu chetu kilikuwa ukumbi wa pombe wa manispaa, yaani adui hasa wa 'shebeen'. Tutakuwa tumekiita kitu kwa jina la mpinzani wake.

Hapa lugha ya mitaani ya Kenya inatusaidia. Huko mwanamke auzaye chang'aa nyumbani kwake kwa kipimo huitwa 'mama pima'. Jina hilo lina mambo yote tunayoyahitaji: lina mwanamke mwenye nyumba, lina biashara ya kificho, lina heshima iliyochanganyika na utani. 'Nyumba ya mama pima', au kwa mkato 'kwa mama pima', ingemfikisha mtazamaji chumbani humo bila maelezo marefu. Tunajua kuwa jina hili halijaenea sawasawa Tanzania. Lakini wananchi wakikwisha kuunda neno zuri, ni afadhali tulieneze hilo kuliko kuketi mezani tuunde jipya.

Kwa upande mwingine, 'baa' nalo lisidharauliwe. Muziki wa dansi wa mijini kwetu ulilelewa katika baa. Bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua jina la baa iliyokuwa makao yake. Mfasiri wa maisha ya wanamuziki hao akiandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya danguro la walevi, atakuwa amewatukana watu ambao baa ilikuwa ofisi yao.

6. Mitaa na chapa za chupa

Utamaduni wa watu wengi hauishii katika nyimbo na filamu. Uko pia katika chapa za chupa na mizaha ya wanywaji, na humo lugha inafanya kazi ambayo sisi tunaidai kwenye vikao. Bia ya Tusker ya Kenya ina picha ya tembo, nayo ilipewa jina hilo kumkumbuka mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, aliyeuawa na tembo mwaka 1923. Tanzania ina bia iitwayo Ndovu. Lubumbashi, katika Kongo, ina bia iitwayo Tembo. Kwa mgeni, hao ni wanyama tu. Kwa mjuzi wa Kiswahili, 'tembo' ni mnyama na ni kinywaji cha mnazi, na mnywaji wa Lubumbashi anaagiza kwa neno moja ndovu, utomvu na chupa. Hakuna mfasiri awezaye kuupitisha mzaha huo wote katika Kiingereza; lakini anapaswa angalau kujua kuwa upo.

Kadhalika, lugha ya wanywaji haikosi ufundi. 'Tungi' lilitoka kwenye mtungi, yaani chombo kimekitaja kilichomo. 'Kupiga maji' na 'kupiga mtindi' ni tafsida, kwa kuwa huficha kileo chini ya vinywaji visivyo na lawama. 'Kuzimua' ni kunywa kidogo asubuhi ili kupoza machofu ya usiku. Waingereza kwa jambo hili hutaja manyoya ya mbwa. Sisi tuna kitenzi kimoja kilicho wazi. Hatusemi maneno haya yaingie katika nyaraka za serikali. Tunasema kwamba mfasiri wa mazungumzo ya baani katika filamu anayo hazina, na hana sababu ya kuwafanya walevi waongee kama makarani.

7. Njia ya kurudi: kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Hadi hapa hasara tuliyoitaja ni ya sanaa. Sasa tutazame hasara iliyo nzito zaidi, ambayo hutokea tunapofasiri kwenda Kiingereza.

Neno 'brew' la Kiingereza lina maana ya kupika kinywaji cha kuumuka. Lakini katika magazeti na ripoti za nchi zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza, neno hilo hutumika pia kwa gongo na chang'aa, ambazo hukenekwa. Mwezi Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa kileo kilichotiwa methanoli, kilichojulikana kwa jina la kumi kumi kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi. Kuita kileo hicho 'brew' ni kukitia katika kundi moja na busaa, kinywaji chepesi cha nafaka kisichohusika na methanoli hiyo. Mwalimu wa afya anayefundisha kutokana na ripoti ya namna hiyo atawaonya wanakijiji dhidi ya chungu cha mama, na hatawaonya dhidi ya kibaba cha mchuuzi. Hapa istilahi mbaya inaweza kuua.

Mahakamani ni vivyo hivyo. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ambayo ilifutwa na sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010. Katika miaka hiyo 30, mkalimani aliyemfasiria hakimu maneno ya mshtakiwa hakuwa na ruhusa ya kuchanganya kilichopikwa na kilichokenekwa, maana kosa lilikuwa katika kukeneka. Tanzania nayo ilitunga sheria mwaka 1966 kuhusu utengenezaji wa gongo. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mwandishi wake aliona kuwa Kiingereza hakimtoshi, akachukua neno la wananchi, 'moshi', na kuliweka hata katika jina la sheria. Msomaji mgeni anaweza kudhani ni sheria ya mji wa Moshi! Hata hivyo, mwandishi huyo alifanya jambo la busara. Alilitaja kosa kwa jina ambalo mkosaji mwenyewe angelielewa.

8. Pingamizi

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba majina kama mbege, ulanzi na busaa ni ya makabila, na lugha ya taifa yafaa itumie jina la jumla, mathalani 'pombe ya kienyeji'. Tunauliza: kienyeji cha nani? Huko Ujerumani, bia ndiyo pombe ya kienyeji. Neno hilo lina maana tu kwa mtu aliyesimama nje ya kijiji akikitazama. Tena ni neno lisilosaidia kitu, kwa kuwa halisemi kama kinywaji ni cha ndizi au cha nafaka, kama kimegemwa, kimepikwa au kimekenekwa. Kiswahili kilikua kwa kupokea, na hakitapungua kwa kupokea zaidi.

Pingamizi ya pili ni ya maadili. Wako wasomaji wetu, hasa walimu na watu wa dini, watakaosema kuwa kuyapanga majina ya vileo ni kuvisifu. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Tabibu huyapanga majina ya maradhi bila kuyasifu. Mwenye kuonya ndiye anayehitaji majina sahihi kuliko mwenye kunywa. Mnywaji anakijua kilichomo kikombeni mwake.

9. Mapendekezo

Kwa kuhitimisha, tunaleta mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watunzi wa nyaraka:

(a) 'Kileo' liwe jina la jumla la kila kinywaji kileweshacho, na ndilo litumike katika sheria, takwimu na mafunzo ya afya.

(b) 'Pombe' litengwe kwa vinywaji vya kuumuka vipikwavyo kwa nafaka, ndizi, asali na kadhalika, na kitenzi chake kiwe 'kupika'.

(c) 'Bia' litumike kwa kinywaji cha kimea na hopsi kitengenezwacho kiwandani, cha hapa au cha ng'ambo, bila kukipa daraja juu ya pombe.

(d) 'Tembo' au 'mnazi' litumike kwa utomvu wa mnazi, 'ulanzi' kwa ule wa mwanzi, na kitenzi chake kiwe 'kugema'. 'Divai' au 'mvinyo' libaki kwa kinywaji cha zabibu.

(e) Vileo vya kukenekwa viitwe 'vikali', pamoja na majina yake mahususi kama gongo, moshi na chang'aa. Visifasiriwe kamwe kwa maneno yenye maana ya bia au pombe.

(f) Kinywaji cha kigeni chenye jina lake kibaki na jina hilo, kikielezwa mara ya kwanza tu. Katika wimbo tuliouhakiki, tunapendekeza 'umqombothi, pombe ya mahindi na mtama', na baada ya hapo 'umqombothi' peke yake.

Orodha hii haijakamilika. Hatujapata neno la kuridhisha kwa desturi ya watu kugonganisha bilauri na kutakiana heri kabla ya kunywa, ambayo huonekana katika filamu nyingi na ambayo wafasiri huiruka. Hatujapata pia jina moja linalokubalika kwa zamu ya mtu kuwanunulia wenzake wote. Yamkini maneno hayo yapo tayari, Tanga au Kisumu, Bukoba au Lamu. Tunawaomba wasomaji wayajuao watuletee, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na watu wanaoyatumia, ili yajadiliwe katika matoleo yajayo.